Kichanja cha Spika kwa Mikutano ya Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Haneti)



Maneno mawili ya Kiswahili, sitini na tisini, yameundwa kwa herufi zile zile. Irabu zake hazitofautiani, na urefu wake ni mmoja. Kilichobadilika ni s na t tu, ambazo zimepeana nafasi. Mtu aliyekaa karibu na msemaji hawezi kuyachanganya maneno hayo. Lakini aliyekaa mbali, penye upepo na minong'ono, huzisikia irabu peke yake, na nyingine hubahatisha.

Na ichukuliwe mfano wa mkutano mkuu ambao katibu anawasomea wanachama makato ya msimu. Anasoma kwamba makato ni shilingi sitini kwa kila kilo ya alizeti. Mwanachama wa mstari wa mbele aliyeleta kilo 400 anapiga hesabu na kupata shilingi 24,000. Mwanachama wa mstari wa nyuma, aliyeleta kilo zile zile, amesikia tisini, na hesabu yake inampa shilingi 36,000. Hakuna aliyeiba, na daftari ni safi. Hata hivyo, mtu huyo anarudi kitongojini kwake akiamini kwamba chama kimemtoza shilingi 12,000 bila haki, na jioni ile ile majirani wanaambiwa hivyo. Msimu ufuatao, mlanguzi apitaye na mizani yake barabarani atapata wateja ambao hakuhangaika kuwatafuta.

Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inautambua mkutano mkuu kuwa ndio wenye mamlaka ya juu katika chama. Nayo kanuni ya mwanachama mmoja kura moja imerithiwa na wanaushirika wa dunia nzima tangu enzi za wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha chama chao mwaka 1844. Lakini mtu hawezi kuipigia kura hoja ambayo hakuisikia. Ataunyosha mkono kwa kuwaangalia jirani zake, na kura yake itakuwa kivuli cha kura ya mwingine. Kwa hiyo suala la wanachama wote kusikia halipaswi kuhesabiwa kuwa jambo la starehe. Ni sehemu ya haki ya uanachama.

Vyama vingi vimekwisha jipatia redio, amplifaya na spika, au huviazima siku ya mkutano. Kinachokosekana mara nyingi ni mahali pa kuviweka. Mazungumzo haya yanaeleza namna ya kutengeneza kichanja cha vyombo hivyo kwa msumeno, nyundo na keekee, kazi ambayo mafundi wawili wanaweza kuimaliza kwa siku mbili.

SOMO LA VIKUNDI VYA REDIO

Jambo hili si geni katika Tanzania. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Huko Moshi, Kituo cha Elimu ya Ushirika, kilichofanya kazi pamoja na Chuo cha Ushirika, kiliwafundisha wanachama kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na vikundi vya majadiliano. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1963, na tangu mwaka 2014 kimekuwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Mpango wa vikundi vile ulikuwa rahisi. Wanakikundi walisikiliza kipindi, kiongozi akasoma kitabu cha somo, kisha wote wakajadiliana na kuamua la kutenda. Kila hatua iliitegemea ile iliyoitangulia. Ambaye hakusikia kipindi hakuwa na la kujadili, na ambaye hakujadili hakuona sababu ya kutenda. Ndivyo ulivyo mkutano wa chama hata leo.

KWA NINI SPIKA ISIWEKWE CHINI

Katika mikutano mingi spika huwekwa sakafuni, au juu ya meza ya mwenyekiti. Ni dhahiri kwamba anayefanya hivyo anajali usalama wa chombo, lakini madhara yake kwa wasikilizaji ni makubwa.

Sauti ya mwanadamu ina sehemu nene na sehemu nyembamba. Irabu ni nene, na sauti nene hupinda na kuvizunguka vitu vilivyo njiani. Sauti kama s, t na f ni nyembamba. Hizi huenda moja kwa moja, na zikikuta miili na nguo za watu humezwa papo hapo. Spika ikiwa chini, mistari miwili ya mbele hula sauti nyembamba, na mstari wa nyuma hubakiwa na ngurumo. Tena sakafu na ukuta vikiwa jirani ya spika huiongeza ile sauti nene, hata maneno yakawa kama yanatoka ndani ya pipa.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza sauti. Uwanjani, kila umbali unapokuwa maradufu nguvu ya sauti hupungua hadi robo. Aliye mita 20 kutoka kwenye spika hupata sehemu moja tu ya 16 ya nguvu anayoipata aliye mita 5. Sauti ikikuzwa hadi imtosheleze wa nyuma, wa mbele wataziba masikio, na ngurumo itazidi kuwa ngurumo. Dawa hasa ni kuinua spika juu ya vichwa, ili sauti nyembamba ipate njia wazi.

Mtu aliyekaa kwenye benchi ana masikio yake kama sentimita 120 kutoka ardhini, na utosi wake uko juu kidogo ya hapo. Aliyekaa mkekani ana masikio kama sentimita 75. Kichanja chenye kimo cha sentimita 140 kinaiweka spika nzima juu ya vichwa vya waliokaa wote.

MBAO NA VIFAA

Vitakavyohitajika ni hivi:

1. Mbao nne za mbili kwa mbili, kila moja ya futi 12.
2. Ubao mmoja wa moja kwa kumi, wa futi 12.
3. Misumari 60 ya inchi 4, na misumari kama 30 ya inchi 2 na nusu.
4. Gundi ya mbao, msasa, na oili chafu ya gari kiasi cha nusu lita.
5. Makatambuga yaliyochakaa, jozi moja.
6. Viroba viwili vya mchanga mkavu, kilo 20 kila kimoja.

Zana ni msumeno, nyundo, keekee, patasi, randa, futi, skwea na penseli. Fundi aliye na timazi au pima maji atafanya kazi bora zaidi, ila asiyekuwa navyo asikate tamaa.

Mbao za msindano zinatosha. Mninga ni mzuri zaidi, lakini ni wa bei na kazi hii haiulazimishi. La kuangaliwa ni ukavu wa mbao. Hewa ya uwanda wa Dodoma ni kavu kwa miezi mingi ya mwaka, na ubao mbichi ukipigiliwa leo utasinyaa, utapinda, na misumari italegea. Mbao zipangwe kivulini kwa wiki kadhaa, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, ndipo zikatwe.

KUKATA

Ubao mmoja wa futi 12 una kama sentimita 366. Mbao za mbili kwa mbili zikatwe kama ifuatavyo:

Mbao ya kwanza na ya pili: kila moja itoe miguu miwili ya sentimita 140 na vipande viwili vya sentimita 40.
Mbao ya tatu: itoe vipande sita vya sentimita 50 na kipande kimoja cha sentimita 40.
Mbao ya nne: itoe kipande kimoja cha sentimita 40, vipande vitatu vya sentimita 80 vya kuweka mshazari, na kipande kimoja cha sentimita 60 cha kuwa ukingo.

Jumla ni miguu minne, vipande sita vya 50, vipande sita vya 40, mishazari mitatu na ukingo mmoja. Ule ubao wa moja kwa kumi ukatwe vipande sita vya sentimita 60. Viwili vikiwekwa sambamba hufanya rafu moja, na rafu ziko tatu. Kitakachobaki ni kipande kidogo tu, basi fundi apime mara mbili kabla ya kuutia msumeno.

Hesabu hizi zinachukulia kwamba mbao ya mbili kwa mbili ina unene wa sentimita 5, na ubao wa moja kwa kumi una upana wa sentimita 25. Mbao za dukani mara nyingine hupungua vipimo hivyo. Fundi apime zile zilizo mikononi mwake, arekebishe kabla ya kuanza.

KUUNGA

Kazi ianze kwa fremu za ubavuni. Miguu miwili ilazwe chini sambamba, na kati yake viwekwe vipande vitatu vya sentimita 40. Cha kwanza kiwe juu kabisa, sawa na ncha za miguu. Cha pili mgongo wake uwe sentimita 80 kutoka chini, na cha tatu sentimita 20 kutoka chini. Fremu itakuwa na upana wa sentimita 50.

Kabla ya kupigilia, kila tundu litobolewe kwanza kwa keekee nyembamba kuliko msumari, kwa maana msumari wa inchi 4 ukipigwa karibu na ncha bila tundu hupasua mbao. Kila kiungo kipakwe gundi na kipigwe misumari miwili. Hapa yapo makosa ambayo mafundi wapya huyafanya mara kwa mara: misumari ya ubavuni na ile ya mbele hukutana ndani ya mguu ule ule na kugongana. Misumari ya upande mmoja ipite juu kwa kiasi cha sentimita moja kuliko ile ya upande wa pili, nayo haitagusana.

Fremu ikikamilika ipimwe kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo viwili vikilingana, kila kimoja kikiwa karibu na sentimita 149, fremu imenyooka. Vikitofautiana, igongwe polepole kwenye kona ya kipimo kirefu hadi vilingane, kabla gundi haijakauka.

Fremu ya pili ifanywe vivyo hivyo. Kisha zisimamishwe na kuunganishwa kwa vile vipande sita vya sentimita 50, vitatu mbele na vitatu nyuma, katika vimo vile vile. Kichanja sasa kina upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 50.

Ikifuata ni mishazari. Umbo la pembe nne, hata likipigwa misumari mingi, hulala likisukumwa. Pembetatu hailali isipokuwa mbao zenyewe zivunjike. Mshazari mmoja upigiliwe nyuma, na mmoja kila ubavu, kutoka kipande cha chini hadi kipande cha kati. Mbele paachwe wazi ili mikono ifikie vyombo.

Rafu zije mwisho. Rafu ya chini na ya kati zikatwe kwenye kona mapengo ya sentimita 5 kwa 5 ili zipokee miguu. Rafu ya juu ikae juu ya ncha za miguu, na ule ukingo upigiliwe mbele yake ili spika isiteleze.

MCHANGA NA UPEPO

Katika nchi ya Ugogo miezi ya kiangazi, ambayo ndiyo miezi ya kuvuna na kufanya mikutano, huja na upepo mkali. Kichanja kirefu chenye mzigo juu ni rahisi kuangushwa, na spika ikimwangukia mtoto hapatakuwa na mkutano tena. Yafaa hesabu yake ijulikane.

Na isemwe kwamba spika ina kilo 10, na kitovu chake kiko sentimita 165 kutoka ardhini. Kichanja chenyewe kina kilo 25, na kitovu chake kiko sentimita 75. Kwa pamoja kitovu cha uzito huangukia kama sentimita 100 kutoka ardhini, na kichanja kitaanguka kikiinamishwa mbele au nyuma kupita nyuzi 14. Vikiongezwa viroba viwili vya mchanga, kilo 40, kwenye rafu ya chini, kitovu hushuka hadi kama sentimita 63. Sasa kichanja hakitaanguka mpaka kiinamishwe kupita nyuzi 21. Usalama umeongezeka kwa nusu nzima, na mchanga wa korongo haununuliwi. Wakati wa kukihamisha, viroba hutolewa, na watu wawili hukibeba bila taabu.

Pamoja na hayo, spika ifungwe kwenye rafu kwa mpira wa baiskeli. Nyuma yake kiwekwe kipande cha ubao cha sentimita 2 ili uso wake uinamie kidogo kuuelekea mstari wa nyuma.

KICHANJA NA MARIMBA

Wagogo wanajulikana mbali kwa muziki wao, na Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha marimba ya Kigogo, yaani ilimba, katika majukwaa ya dunia. Kila aliyeishika ilimba anajua kwamba vyuma peke yake havina sauti ya kutosha. Ni sanduku la mbao linalotetemeka pamoja navyo na kuikuza sauti, na ule mvumo wake unatafutwa kwa makusudi.

Kichanja cha spika kinatakiwa kuwa kinyume cha sanduku hilo. Kikitetemeka, kitaongeza sauti yake juu ya sauti ya katibu, nayo ni ile sauti nene inayofunika maneno. Rafu iliyolegea itavuma, na msumari usiokaza utalia. Kwa hiyo kila kiungo kikazwe, na chini ya spika viwekwe vipande vinne vya makatambuga, kimoja kila kona, ili mtetemo ukomee kwenye mpira. Mchanga wa rafu ya chini nao husaidia kuumeza mtetemo unaoshuka miguuni.

Fundi na akigonge kichanja kwa ngumi. Kikijibu kama ngoma, kazi haijaisha.

VYOMBO NA UTUNZAJI

Amplifaya au redio ikae rafu ya kati, ambapo katibu anaifikia bila kuinama. Betri ya gari ikae rafu ya chini katikati ya viroba, ndani ya beseni la plastiki, kwa kuwa tindikali yake hula mbao na hewa itokayo humo inaweza kushika moto. Kamwe isiwekwe juu ya redio, wala asiruhusiwe mtu kuvuta sigara karibu yake. Waya wa betri uwe na fyuzi, na waya zote zifungwe kufuata mguu wa nyuma ili asijikwae mtu.

Maikrofoni iwe nyuma ya uso wa spika, si mbele yake. Ikiwa mbele, sauti itokayo kwenye spika huingia tena katika maikrofoni, ikazunguka na kupiga yowe linalojulikana na wote. Chama chenye spika mbili kiwe na vichanja viwili, lakini visiachane mno. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Msikilizaji aliye karibu na kichanja kimoja, na kingine kikawa mbali naye zaidi kwa mita 17 au zaidi, atasikia kila neno mara mbili.

Adui wa kudumu ni mchwa. Ncha za miguu zipakwe oili chafu hadi kimo cha sentimita 10, mara mbili kwa mwaka. Ghalani kichanja kikae juu ya mawe bapa, mbali na ukuta, ili njia ya mchwa ionekane mapema. Kichanja kiandikwe katika daftari la mali ya chama kama mizani na viti vinavyoandikwa, na ajulikane mtu mmoja mwenye dhamana yake.

JARIBIO LA MWISHO

Kichanja kikikamilika kisipokelewe kwa kutazamwa tu. Saa moja kabla ya mkutano, wanachama watatu wakae mstari wa nyuma, wakiwa na karatasi na kalamu. Mmoja wao awe mzee. Katibu asome namba kumi kwa sauti ya kawaida, bila kuzirudia, na kati ya hizo ziwemo sita na saba, sitini, sabini na tisini. Kila mmoja aandike alichosikia bila kumtazama mwenzake. Kisha karatasi zilinganishwe na ile ya katibu.

Zikilingana zote, mkutano na uanze. Ikikosewa hata namba moja, sauti nene ipunguzwe kwenye amplifaya, uso wa spika ugeuzwe, au kichanja kisogezwe mbali na ukuta, na jaribio lirudiwe. Karatasi hizo zihifadhiwe pamoja na muhtasari wa mkutano. Siku atakapotokea mwanachama anayesema kwamba alitangaziwa tisini, katibu atakuwa na la kumwonyesha, na mwanachama huyo atakuwa na haki ya kuonyeshwa.

Bodi nyingi hununua spika kwa fedha nyingi zikasahau mbao tano na misumari. Chama kinachotaka kuaminiwa na wanachama wake kianze na kichanja, kabla ya msimu wa ununuzi haujafunguliwa.

Ushirika ni wa wote, wa mbele na wa nyuma.